Hata Nyasi Zinanipiga

Jirani, mimi mjini hapa nimepigwa na wengi. Nimepigwa na mafundi. Nimepigwa na madalali. Juzi konda wa daladala, katoto kadogo tu, kamenipiga chenji mchana kweupe huku kananiita mzee wangu. Yote nimemeza. Lakini kupigwa na nyasi? Nyasi za kuchora? Za ndani ya kompyuta? Hapo nimegoma. Hebu sogea hapo kwenye benchi, Mangi mwache ahudumie wateja wenye hela, nikusimulie.

Kuna gemu linaitwa Battle for Wesnoth. Ni la bure, na hapo ndipo nilipoingia mkenge. Lilianza mwaka 2003, jamaa mmoja anaitwa David White akaliachia wazi, kila mtu alichukue, alifungue, aongeze lake. Watu wa nchi mbalimbali wakajitolea kuchora, kutunga hadithi, kurekebisha. Mimi ukishaniambia bure sinaga swali la pili.

Aliyeniwekea ni mpwa wangu, mtoto wa dada, kidato cha tatu, yupo kwangu likizo. Laptopu yangu, bando langu, umeme wangu. Akaniambia, "Anko, hili siyo la kushindana kasi ya vidole. Hili la zamu. Unacheza wewe, unamwachia mwenzio, anacheza." Nikasema basi hili ndilo langu. Mimi mtu mzima. Kusubiri ndiyo kitu pekee nilichosomea. Nimesubiri maji ya bomba, nimesubiri malimbikizo, nimesubiri fundi aliyesema "nipo hapo kona".

Ndani ya gemu kuna majeshi. Kuna binadamu wenye mikuki na farasi. Kuna waelfi, wale warembo wa msituni wenye masikio marefu. Kuna maorki, meno nje. Kuna vibeti wenye ndevu na mashoka. Kuna mifupa inatembea yenyewe. Kila askari ana bei yake kwa dhahabu. Na uwanja wote umekatwa vipande vya pembe sita, kila kipande kimechorwa kitu chake: nyasi, msitu, kilima, mlima, mto, kinamasi, mchanga, kijiji. Picha nzuri kweli. Mimi nikajua ni mapambo. Ungejua nini wewe? Kwa kinyozi ukutani pamechorwa maporomoko ya maji, umeshawahi kutoka pale umelowa?

Basi nikaanza kununua jeshi. Mtu mwenye akili ananunua farasi. Mpanda farasi wa mkuki, dhahabu 23. Askari wa mkuki wa kutembea kwa miguu ni dhahabu 14. Sasa 23 ninayo, nikanunue cha 14? Ili iweje? Na farasi huyu ana sifa yake: akivamia, pigo lake linazidishwa mara mbili. Mara mbili, jirani! Niliposoma hapo nikaacha kusoma. Maelezo yalikuwa yanaendelea, lakini mimi nilishapata nilichotaka. Kumbe huko mbele kulikuwa kumeandikwa kwamba na yeye akipigwa katika uvamizi huohuo, anapigwa mara mbili. Maneno ya muhimu wanayaweka mwisho makusudi.

Siku hiyo wote tulichukua upande wa binadamu. Upande huo una nguva pia, usiniulize nguva kaingiaje kwenye ukoo wa binadamu. Mpwa wangu akanunua nguva dume mmoja. Kifua wazi, mkuki wa meno matatu mkononi, kajikalia zake kwenye maji ya kina kifupi katikati ya mto. Bei yake 14. Nikamwonea huruma. Nikambofya farasi wangu, nikasogeza mausi mpaka kwenye maji, ubavuni mwa nguva. Palepale juu ya maji pakatokea namba nyekundu. Asilimia 20.

Nikaruka. Asilimia 20, tena nyekundu! Nikachomeka chaja.

Mpwa akaniangalia. "Anko, unafanya nini?"

"Chaji imebaki ishirini."

Hakujibu. Yule mtoto ana tabia mbaya sana ya kunyamaza.

Nikavamia. Farasi wangu akaenda, maji yanaruka, mkuki mbele. Pigo la kwanza, hewa. Nguva akageuka kidogo tu, bila haraka, akachoma. Ikaingia. Mkuki wangu wa pili, hewa. Nguva akachoma tena. Ikaingia. Mimi nimeshamaliza mapigo yangu mawili, yeye amebakiwa na moja. Akachoma. Farasi wangu wa dhahabu 23 akalala chali mtoni, akafifia taratibu mpaka akapotea. Nguva hajapata hata mkwaruzo. Mama watoto alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akatazama kioo muda wa kupumua mara moja, akasema, "Si umemsimamisha farasi kwenye maji?" Akaendelea na safari yake. Mwanamke ambaye simu yake yenyewe namtafutia mimi chaneli za redio!

Ndipo mpwa akaanza mhadhara. Ile namba, Anko, siyo chaji. Ni nafasi ya askari wako kukwepa pigo akiwa amesimama pale. Siyo kupunguza maumivu, hapana, pigo likiingia linaingia zima. Ni kukwepa. Farasi kwenye nyasi anakwepa asilimia 40. Msituni 30. Majini na kwenye kinamasi 20. Maana yake nguva akimchoma mara kumi akiwa mtoni, nane zinaingia. Nguva mwenyewe majini anakwepa 60, kwa hiyo mimi nikichoma kumi zinaingia nne. Ukimtoa nchi kavu, nguva yuleyule anashuka mpaka 30, anachomeka tu.

Nikamwuliza, sasa mbona hawakuandika? Akasema wameandika, Anko, namba si uliiona ukachomeka chaja.

Unaona anavyonijibu?

Nikasema sawa. Kama ni hivyo, mimi nakwenda mlimani. Mtu wa mlimani anapiga kwa nguvu, anashuka na uzito, hata mtoto mdogo anajua. Nikapandisha askari wangu mlimani, asilimia 60 ya kijani kibichi, raha tupu. Chini yangu msituni kasimama mwelfi, maana mchezo huo mpwa alichukua waelfi. Nikampiga kutoka juu. Hewa. Nikampiga tena. Hewa. Kumbe mlima wangu hauna habari kabisa na mkono wangu! Pigo langu linaangalia aliposimama yeye, siyo niliposimama mimi. Na mwelfi msituni anakwepa kati ya asilimia 60 na 70, kutegemea toleo la gemu. Miti ileile farasi wangu akiingia anashuka mpaka 30, na kila kipande cha msitu kinamla hatua tatu wakati mwelfi analipa moja. Msitu mmoja. Nauli mbili. Kwangu ile ya wageni.

Hapo mpwa akasema neno ambalo limenikosesha usingizi. Akasema, "Anko, wewe kila siku unatafuta pa kusimama. Tafuta pa kumsimamisha mwenzio."

Nilimwambia anyamaze kwanza nifikirie. Nimefikiria. Ni kweli ndivyo anavyonifanyia. Yeye hafuati mtu. Anajipanga ukingoni, kwenye kijiji au kilima, anauacha mto katikati. Kijiji chenyewe kinamponya askari wake kila zamu akilala pale. Mimi nikitaka kumpiga, vipande vilivyobaki vya kusimama ni vya maji tu. Mto ndio unaonikaribisha. Naingia mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa hela yangu. Halafu anapiga yeye.

Sasa basi, angalau hayo yanaonekana. Kuna mengine hayaonekani kabisa. Waelfi wana mtu wao wa ngazi ya pili, mlinzi wa porini, akiingia msituni anapotea kwenye kioo. Hayupo. Unaona miti tu. Nilikuwa nasindikiza mchawi wangu aliyejeruhiwa arudi kijijini akapone, njia nyeupe, adui yuko mbali, nikambofya aende. Katikati ya safari akasimama ghafla. Neno likaruka kwenye kioo kwamba umevamiwa. Nani? Huyo hapo, katoka kwenye mti. Alikuwepo muda wote. Na mchawi wangu kuendelea hawezi, hatua zake zimekufa palepale. Anabaki amesimama pembeni ya mwenye upinde, ana damu ya kujaza kijiko, anasubiri zamu ya mpwa wangu.

Nikaacha misitu. Nikapita pembeni ya ziwa. Mifupa ikatoka ziwani! Eti ile mifupa ikiingia kwenye maji ya kina kirefu haionekani. Inatembea chini huko, haihitaji pumzi, itahema na nini. Nikamwambia mpwa huu sasa ni uhuni. Akasema ni sifa yao, imeandikwa. Kila kitu kwake kimeandikwa.

Halafu kuna usiku na mchana, hiyo nakutajia tu tusije tukakesha hapa. Zamu sita zinafanya siku moja. Mchana binadamu wangu wanapiga zaidi kwa asilimia 25, usiku wanapungukiwa asilimia 25 hiyohiyo, na maorki ni kinyume chake. Mimi nafika kwenye vita saa ngapi? Usiku. Daima. Farasi wangu wanachelewa kwenye vinamasi mchana kutwa, tunafika jioni tumechoka, tunakuta maorki ndiyo kwanza wanaamka.

Usidhani ni Wesnoth peke yake. Zamani kidogo, enzi za intaneti kafe, tulikuwa tunacheza Heroes of Might and Magic III, la mwaka 1999. Lile ndilo lilikuwa na siri za kichawi. Ukikutana na adui, kioo kinabadilika, unaona uwanja wa vita. Nyuma kuna theluji, au majani, au kinamasi. Nani anaangalia nyuma? Unaangalia askari. Kumbe kila kiumbe kina kwao. Wale wa mji wa kinamasi kwao kinamasi. Wale wa mji wa theluji kwao theluji. Mashetani kwao kwenye lava, mifupa kwao kwenye udongo. Akipigana kwao anaongezewa moja ya kushambulia, moja ya kujikinga, na moja ya kasi. Mojamoja tu, utasema kitu gani hiyo. Lakini pale mwenye kasi ndiye anayeanza. Umelingana na mtu kila kitu, yeye yuko kwao, anaanza yeye. Na akianza yeye, wewe unajibu kwa askari waliobaki.

Njiani nako hivyohivyo. Hatua inayokula 100 kwenye majani, kwenye kinamasi inakula 175. Wenye kinamasi chao hawatozwi nyongeza. Nilikuwa namfukuza shujaa mmoja wa huko kinamasini, yeye anatembea, mimi nazama, yeye anatembea, mimi nazama, mwisho nikamwona anageuka kunifuata yeye. Nikawa najifukuza.

Kilichoniuma kuliko vyote ni ile ardhi iliyolaaniwa. Mabaka fulani hivi kwenye ramani, unayapita bila kujali. Mimi nilikuwa na shujaa mchawi. Nimemlea. Nimemjengea chuo cha uchawi mpaka juu kabisa, nimepata uchawi wa ngazi ya 5, ule wa kumfinyanga adui mmoja mpaka anaishia ndani kwa ndani. Ghali kinoma. Naubeba ramani nzima siutumii, nausubirisha vita kubwa. Vita kubwa ikaja. Nikafungua kitabu kwa mbwembwe, watu wa kafe nyuma yangu wamesimama wanaangalia, nikabofya. Kitabu kikakataa. Nikabofya tena. Kikakataa. Eti juu ya ardhi ile uchawi wowote unaozidi ngazi ya 1 haufanyi kazi. Nilichobaki nacho ni kile kimshale cha kichawi wanachojifunza siku ya kwanza. Nikakirusha. Ningefanya nini, watu wanaangalia. Kikaenda, tii, kikamgusa joka mmoja begani. Hakugeuka.

Mwenye kafe akaniuliza kama naongeza nusu saa.

Ila nakubali kitu kimoja, jirani, Wesnoth angalau hawadanganyi namba. Mpwa ameniambia kuna mfululizo wa Kijapani, Fire Emblem, wa Nintendo, kuanzia lile gemu lao la mwaka 2002, katika magemu yao kadhaa wanakuonyesha asilimia moja halafu wanatumia nyingine. Wanapiga kura mbili, wanachukua wastani. Kwa hiyo ukiona 90 kwenye kioo, ukweli wake ni kama 98. Ukiona 10, ukweli wake ni kama 2. Nadhani wanafanya hivyo ili moyo wa mchezaji usiumie, maana mtu akiona 90 anajua amepata tayari. Nikasema hao ndio watu! Hao wanamjua mteja! Wesnoth wakiandika 40 ni 40 kavu, na zile 60 nyingine ni zangu. Mpwa akasema, "Lakini Anko, na adui akikuona wewe 90, naye anapata 98." Sijui kwa nini lazima amalizie hivyo kila kitu.

Ukiniuliza mimi, tatizo ni kwamba hawa watu wameipa ardhi ukubwa kuliko askari. Nimenunua bora, nimenunua ghali, nimewapanga kwa bei, mbele wa 23, nyuma wa 14, pesa inaonekana kabisa ukitazama kwa mbali. Halafu anakuja popo wa dhahabu 13 anayekwepa asilimia 60 karibu kila mahali, yeye hajali nyasi wala maji, anakunyonya damu huku askari wako anapiga upepo. Wapi haki hapo? Farasi wangu mlimani hapandi kabisa. Nimembofya mlima mpaka kidole kimeuma. Hapandi. Hapo sasa hata asilimia hawaweki.

Ndiyo maana wiki hii nimehamia kwa vibeti. Nimefanya utafiti wangu mwenyewe. Kibeti kwenye kilima anakwepa asilimia 60. Kwenye mlima, 70! Mpwa hajui kama najua. Tukafungua ramani yenye safu ya milima katikati. Nikawapandisha vibeti wangu wote. Kila mmoja mlima wake. Wamekaa na mashoka yao, ndevu zao, 70, 70, 70, kijani mstari mzima. Nikamaliza zamu yangu nikakunja mikono. Njoo sasa.

Hakuja.

Zamu ya pili hakuja. Zamu ya tatu nikamwona anatembelea vijiji. Kimoja, kingine. Kila kijiji kinampa dhahabu kila zamu, na vibeti wangu nao wanataka posho, hela yangu inapungua tu juu huko mlimani kwenye baridi. Nikamwambia mbona unaogopa? Akasema haogopi, Anko, ananunua. Ananunua nini? Wachawi. Dhahabu 20 kila mmoja. Kanzu ndefu, fimbo mkononi, wembamba, unaweza kuwapuliza. Wakaja wamejipanga chini ya mlima wangu, kwenye nyasi wazi, sehemu mbovu kabisa ya kusimama. Nikafurahi. Nikasema mtoto leo kajisahau.

Mchawi wa kwanza akarusha moto. Ikaingia. Akarusha tena. Ikaingia. Kibeti wangu ndevu zinawaka, yuko juu ya mlima, 70 yake iko palepale chini ya miguu. Nikasimamisha gemu. Nikauliza, mlima wangu uko wapi?

"Mlima upo, Anko. Ila uchawi hauangalii mtu kasimama wapi. Unapata asilimia 70, popote."

Sabini. Ile 70 niliyoipanda mimi kwa jasho ndiyo 70 anayonipiga nayo yeye akiwa kwenye nyasi. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akanionyesha. Imeandikwa.

Vibeti wangu wamebaki wawili, na mmoja ndiye kiongozi, akifa yeye gemu limeisha. Zamu ni yangu. Nimeifunika laptopu taratibu, sijaizima. Nikibonyeza kumaliza zamu, wale wachawi wanawasha moto. Nisipobonyeza, hajashinda mtu. Mpwa ananiuliza kila baada ya chakula, "Anko, hujamaliza kufikiria?" Namwambia bado, hili ni gemu la akili. Shule zinafunguliwa Jumatatu.